Bibi Namkunda na Moto wa Ngazi Saba

Paukwa!

Pakawa!

Ah-ah! Hiyo ni pakawa ya watu au ya kuku waliolowa? Sogeeni huku. Wewe wa mlangoni, vuta miguu yako ndani, unatuingizia baridi. Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, kabla bibi wa bibi zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Jina lake limesahaulika, msiulize. Kilikuwa kijiji cha baridi. Si baridi hii yenu ya kujikunyata kidogo na kuomba uji. Kipupwe cha kule kilishika watu masikio. Asubuhi unakuta sakitu imeanguka, majani yameganda, meupe kama yamenyunyiziwa chumvi. Ukifungua mdomo kusalimia, unajuta.

Kijiji hicho kilikuwa na shamba moja lisilo na mwenyewe. Shamba la wote. Mavuno yake yaliingia ghala la kijiji: fungu la wagonjwa, fungu la yatima, fungu la mgeni, na lililo kubwa kuliko yote, fungu la miezi ya njaa. Lilikuwa shamba jembamba, linapanda mlima kwa ngazi saba, ngazi juu ya ngazi. Upande huu mawe makubwa, upande ule korongo. Kulizunguka huwezi. Ukitaka kufika juu, unapita katikati yake.

Na lilikuwa na mwiko wake. Siku ya kupanda, hakuna kukanyaga udongo usiolimwa. Unalima mbele yako, ndipo unaweka mguu. Wazee waliuweka mwiko huo kwa sababu waliwajua watu wao. Walijua wapo wanaorukia sehemu laini na kuwaachia wenzao iliyo ngumu. Aliyeruhusiwa kupita popote ni mmoja tu, mtunza moto, kwa kuwa yeye hashiki jembe. Na mtunza moto ndiye aliyekuwa mkongwe kuliko wote.

Mwaka huo mkongwe alikuwa Bibi Namkunda. Mgongo umepinda, magoti yanalia kwa! kwa! akitembea, meno yamebaki mawili na hayaelewani. Jembe alishaliaga zamani. Lakini siku ya kazi hakukosa hata moja. Anakuja na kigae chake cha chungu kilichovunjika, ndani kina makaa, anawasha moto ukingoni mwa shamba, anakaa.

Sasa sikilizeni habari za Nasero. Nasero alikuwa mjane mwenye watoto wawili wa kike, na mwaka huo ndio kwanza amekabidhiwa mbegu za kijiji. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyefariki wakati wa mavuno. Mbegu zenyewe njegere, makanda manne, ile mifuko ya kusukwa. Kijiji kizima kilibaki na hayo manne tu, maana mvua ya mwaka uliopita ilikuja, ikachungulia, ikaondoka.

Njegere za kule ziliroweshwa kwanza. Jioni unazitia maji, asubuhi zimevimba, unazipanda siku hiyo hiyo. Ukizichelewesha zinachacha, zinanuka, zinaoza. Ghalani hazirudi tena. Kwa hiyo mwenye mbegu huutazama mlima wa ng'ambo, ajue kesho kutakucha kweupe au la. Kilele kikionekana jioni ya kwanza, anangoja. Kikionekana na jioni ya pili, anatia maji. Jioni mbili, si moja. Hata mtoto wa kunyonya angekwambia.

Nasero alikiona jioni moja. Kilikuwa wazi, kimepigwa na jua, kinapendeza. Akawaza, "Watu wananitazama. Wanaulizana kama huyu ataweza kweli. Nikichelewa wataniita mvivu." Haraka ikamshika. Akatia maji makanda yote manne, akapita nyumba hadi nyumba akitangaza, "Kesho tunapanda! Kesho tunapanda!"

Kesho ikaja. Akafungua mlango, haoni hata banda lake la mbuzi. Ukungu mzito, sakitu chini, upepo unapuliza vuuu! vuuu! Moyo ukamlipuka paa! Akasimama pale mlangoni, mkono mdomoni, asijue afanye nini.

Hata hivyo watu walikuja. Wake kwa waume, kama arobaini, wamejifunika kila walichonacho. Mwingine kajitanda ngozi ya ng'ombe, hujui yupi mtu, yupi ng'ombe. Wakainua majembe. Twa! Udongo ukakataa. Twa! Vidole vikafa ganzi. Jembe moja likawekwa chini. La pili. La tano. Watu wakajisogeza mmoja mmoja motoni kwa Bibi Namkunda. Na wewe ukishaota moto siku ya baridi, nani atakuinua?

Akainuka mmoja, lakini si kwa kulima. Huyo ni Mrindoko. Jitu la miraba minne, akikohoa nyumbani kwake, bonde la pili wanampa pole.

"Nani katia mbegu maji siku kama hii?"

Watu wakainamia moto.

"Nauliza! Kilele kilionekana jioni mbili?"

Nasero angeweza kusema ndiyo. Nani angembishia? "Jioni moja, kaka Mrindoko. Nimekosea. Ni mimi."

Watu wakaguna, mmmh! Wengine wakashika vichwa.

"Basi umetuua," akasema Mrindoko. "Na aliyepoteza mbegu za wote, adhabu yake unaijua."

Aliijua. Kila mtu aliijua. Aliyepoteza mbegu za wote alinyimwa moto. Zama hizo moto wako ukizimika unakwenda kwa jirani, anakupa kijinga kimoja cha moto, unarudi kuwasha jiko lako. Yeye hapewi. Akibisha hodi, hakuna wa kumwitikia. Na kipupwe kilikuwa bado kina miezi miwili mbele. Nasero aliwafikiria wanawe, wamejikunja kando ya mafiga yaliyopoa, mdogo ana kikohozi hata sasa. Akaogopa. Akaogopa hasa.

"Lakini hazijapotea," akasema. "Siku haijaisha. Tukizipanda leo zote, kuna kilichopotea?"

"Ngazi saba? Kwa vidole hivi?" Mrindoko akacheka. "Njegere zimeshalowa, mama. Zimebakiza kuchemka tu. Leteni chungu!"

Lo! Tajeni chungu mbele ya watu wenye njaa na baridi, halafu muwatazame usoni. Mate yaliwajaa. Hata wale wema, wale wa kusema "jamani tuvumilie", waliyatazama yale makanda kwa jicho jingine. Chungu kikaletwa. Kikatiwa maji, kikatelekwa. Mrindoko akaenda kuchukua njegere.

Akamkuta Nasero amesimama mbele ya makanda, jembe kalikamata kwa mikono miwili.

"Kaka Mrindoko, nakuheshimu. Lakini hizi huzigusi."

"Nipishe."

"Sikupishi. Nimekosa, nihukumuni jioni. Sasa hivi bado asubuhi."

Mrindoko hakutaka kushikana na mjane mbele za watu. Akarudi nyuma hatua moja. "Haya, lima basi. Lima peke yako tukuone. Maji yenyewe hayajachemka."

Nasero akageuka, akaanza. Twa! Twa! Twa! Mtu mmoja kwa ngazi saba. Watu wakamtazama. Wengi walimwonea huruma, lakini huruma yenyewe ilikuwa imekaa motoni, imenyoosha miguu.

Wakamgeukia mkongwe wao. "Bibi, wewe ndiye mkubwa wetu. Unasemaje? Tupike, tusipike?"

Bibi Namkunda akatafuna hewa kidogo. Akasema, "Njegere nazipenda. Laini, hazihitaji meno."

Wakacheka, wakajua amekubali. Kumbe!

Bibi akainua kigae chake, akachota makaa. Akakwapua kuni mbili. Kwa! kwa! akaingia shambani, akapita juu ya udongo usiolimwa, maana hiyo ni haki yake, akaenda mpaka ukingo wa juu wa ngazi ya kwanza. Akainama. Phuu! Phuu! Moshi ukatoka, kisha moto. Akarudi, akachota tena, akaenda. Akarudi, akachota tena, akaenda. Safari ya nne, chini ya chungu pakabaki majivu, na maji hata hayajapata uvuguvugu.

"Bibi! Unatunyang'anya moto!"

"Nimeunyang'anya wapi? Si ule pale unawaka? Njooni mwote."

Mrindoko akainua mguu aende. Watu arobaini wakapiga ukelele, "Mwikooo!" Mguu ukabaki hewani. Akautazama udongo mbele yake, mgumu, mweupe. Akatazama kushoto, mawe. Kulia, korongo. Chini ya chungu, majivu. Juu kule, moto unacheza.

"Bibi," akasema, "wewe ni mtu mbaya."

"Mbaya sana. Na huku kuna joto!"

Mrindoko akaokota jembe. Jamani, yule ndiye aliyekuwa na baridi kuliko wote, maana mwili mkubwa ndio uliopigwa na upepo zaidi. Akasimama kando ya Nasero bila kumtazama. Twa! Bonge la udongo likaruka. Twa! Lingine. Watu kuona hivyo wakaona aibu, na kusema kweli waliona baridi pia. Wakaingia. Wenye majembe mbele, wapanzi nyuma. Shimo, njegere mbili, fukia kwa unyayo. Shimo, njegere mbili, fukia kwa unyayo. Sauti moja ikaanzisha wimbo, nyingine zikapokea:

"Moto uko wapi?"

"Uko mbele!"

"Tufikeje?"

"Tulime!"

"Tulimeje?"

"Twa! Twa! Twa!"

Ngazi ya kwanza ikaisha. Wakaufikia moto, wakauzingira, wakanyoosha mikono. Bibi Namkunda akawauliza, "Vidole vimerudi? Vihesabuni kama vimetimia." Wakaanza kuhesabu. Wanapomaliza na kuinua macho, moto wa mbele yao unafifia, na mgongo uliopinda unapotelea kwenye ukungu. Bibi amechota makaa, ametangulia. Phuu!

Ngazi ya pili. Wakalima, wakapanda, wakafika, wakaota. Bibi akachota makaa, akatangulia. Phuu!

Ngazi ya tatu. Wakalima, wakapanda, wakafika. Safari hii walikuwa wanatoka jasho, na ile ngozi ya ng'ombe imeshatupwa kando. Kanda la kwanza tupu. Bibi akachota makaa, akatangulia. Phuu!

Kwenye ngazi ya nne watu walichoka. Jua lilikataa kutoka kabisa. Mmoja akakaa kitako kwenye udongo uliolimwa, akasema, "Nusu inatosha. Nusu ya mbegu si haba." Wa pili akakaa. Wa tatu akakaa.

Nasero hakukaa. Viganja vyake vilikuwa vimetoa malengelenge na malengelenge yamepasuka, mpini unateleza kwa majimaji. Alilima. Hakumwambia mtu ainuke, alijua hana uso wa kumwamuru mtu siku ile. Mrindoko akamtupia jicho.

"Pumzika kidogo, wewe."

"Nikikaa sitainuka, kaka."

Mrindoko akalisimika jembe lake. Kisha akawageukia waliokaa, na ile sauti yake ya mabonde mawili ikatoka yote. "Mmekaa mnangoja nini? Mnangoja Bibi aje awabebe? Inukeni!" Wakainuka mbio, wengine hata kabla hajamaliza kusema.

Ngazi ya tano. Wakalima, wakapanda, wakafika, wakaota. Kanda la pili tupu, la tatu linaelekea. Bibi akachota makaa, akatangulia. Na hapo, jamani, yakaanza manyunyu.

Maji ya baridi kama nini! Yakawaingia shingoni, yakateremka mgongoni. Nasero akainua uso kuutafuta moto wa ngazi ya sita. Haoni kitu, ukungu mtupu. Mara akasikia huko juu, pa! Kisha tss!

"Bibi?" akaita. "Bibi, umeanguka?"

Halafu sauti ikaja, nyembamba. "Sijaanguka. Lima wewe!"

"Moto umezimika?"

"Nimekwambia lima!"

Akalima. Wote wakalima, hawana hakika kama mbele kuna moto au hakuna. Wimbo ulikufa. Ilibaki twa, na pumzi za watu, na mvua. Kisha mtu akasema, "Ule pale!" Kweli, kwenye ukungu palikuwa na wekundu mdogo, unaishia, unarudi, unaishia, unarudi. Phuu. Phuu. Bibi alikuwa anaupuliza kwa pumzi iliyokwisha.

Walipoufikia hawakuuota sana. Ulikuwa mdogo mno, wakaona haya kuuzingira. Bibi alikuwa amekaa, mikono ameificha ndani ya shuka. Akasema, "Bado moja. Nendeni mkalime, msinitazame." Wakamwacha. Wakainamia ngazi ya saba, na kwa mara nyingine akawapita pembeni, polepole, kifua kimeinama mbele kama mtu aliyepakata kifaranga.

Ngazi ya saba walilima kiza kinaingia. Hakuna aliyelalamika tena. Ukishalima sita, ya saba unailima kwa hasira tu. Nasero alikuwa kwenye kanda la nne, anachota, anagawa, anachota, anagawa. Mkono ukagusa chini. Akakung'uta. Zikatoka njegere mbili za mwisho. Akazitia shimoni mwenyewe, akafukia kwa unyayo, akasimama hapo hapo juu ya shimo lake.

"Zimekwisha," akasema. Kisha akapiga kelele, "Zimekwisha!"

Vigelegele! Watu walishangilia mpaka ng'ambo ya korongo wakasikia. Mrindoko, matope hadi kwenye nyusi, akakimbilia motoni. "Bibi yangu mbaya, inuka nikubebe nyumbani!" Akaushika mkono wake amwinue.

Akauachia upesi.

Akaugeuza, akautazama kwenye mwanga wa yale makaa. Akautazama na wa pili. Akashindwa kusema, yule mwenye sauti. Watu wakasogea. Viganja vya Bibi Namkunda vilikuwa vimeungua, ngozi imejikunja, matope yamekauka ndani ya vidonda.

Kigae kilipasuka kwenye ngazi ya sita. Maji ya mvua yalikuta kigae kilichopata moto, pa! kikawa vipande. Makaa yakamwagika chini, yanazimika, tss. Basi Bibi akafinyanga matope viganjani, akayaweka makaa juu ya matope, akayabeba. Ngazi ya sita. Na ya saba vilevile.

Nasero akapiga magoti mbele yake. Akalia kwa sauti, machozi aliyokuwa ameyazuia tangu alfajiri. "Bibi, kwa nini hukusema? Nilikuita! Nilikuita, ukaniambia nilime!"

"Ningesema, mngefanyaje?" Bibi akauliza. "Mngeacha majembe mje kunipa pole. Pole zingekuwa arobaini. Moto ungezimika, mngekaa kunililia, na mbegu zingeoza kwenye kanda. Mimi sikutaka pole, mwanangu. Nilitaka njegere."

Nasero akachota maji ya mvua yaliyotuama kwenye jiwe, akamwosha viganja polepole, akachana upindo wa shuka yake, akamfunga. Alipomaliza, akasimama mbele ya watu.

"Nilisema mnihukumu jioni. Jioni ndiyo hii."

Watu wakamtazama Mrindoko, kwa kuwa yeye ndiye aliyedai adhabu. Mrindoko akayatazama makanda manne matupu. Akaitazama mikono ya Bibi.

"Mimi nilitaka kuzila," akasema. "Niliteleka na chungu. Nikianza kuhukumu, nitaanza na nani?"

Akainama, akambeba Bibi Namkunda mgongoni, akateremka naye ngazi saba kwenye udongo uliolimwa. Huko mgongoni Bibi alikuwa bado anatoa amri. Mwakani mlima utazamwe na watu watatu, si mmoja, maana jicho moja lina haraka. Na Mrindoko awe mmojawao, ana urefu wa kuona mbali. Mrindoko anaitikia, "Ndiyo, Bibi. Ndiyo, Bibi."

Njegere ziliota. Ziliota kwa fujo, ngazi saba za kijani, na ghala likajaa mpaka mlango ukawa mgumu kufungwa. Watoto wa Nasero walikula, yule mdogo kikohozi kikamwacha. Bibi Namkunda aliishi miaka miwili zaidi, mikono imepona lakini vidole havikunjuki. Kijiko hakushika tena. Kila jioni nyumba moja ilimlisha njegere, kwa zamu, na zamu ya Mrindoko ndiyo iliyogombaniwa na wanawe wote, kila mmoja anataka kushika bakuli. Alipofariki, walimzika juu ya ngazi ya saba, na kaburi lake wanalipalilia kila mwaka kabla ya kupanda.

Kwa hiyo ninyi mnaonisikiliza, mkipata kazi kubwa siku mbaya, msimngoje wa kuwahimiza kwa maneno. Mtazameni yule anayeubeba moto mbele yenu, mfuateni mkilima. Na mkishafika, jamani, mwangalieni mikono yake.

Hadithi nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, nami mgongo wangu upumzike.